Aliyavulia Maji Nguo, Hakuivulia Kamera

Wapendwa waamini, viongozi wa Halmashauri ya Walei, makatekista na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Mji wetu wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na maji ya yote mawili ni ya chumvi. Kwa hiyo mzazi wa hapa mjini anayetaka mtoto wake ajifunze kuogelea katika maji safi hana budi kumlipia kiingilio kwenye bwawa lililojengwa. Si jambo baya. Kuogelea ni afya na ni furaha, na siku mtoto huyo atakapopanda mtumbwi kule Mwanza au Kigoma, huenda ndiko kukawa kupona kwake. Siandiki waraka huu ili watoto wafungiwe nyumbani. Naandika kwa sababu ya jicho lililotundikwa mbele ya mlango wao.

JICHO MBELE YA MLANGO

Jumatatu ya Pasaka watoto wetu wa Utoto Mtakatifu, pamoja na vijana wa darasa la Kipaimara, walipelekwa kwenye bwawa moja hapa mjini. Silitaji jina lake, wala hapana haja, maana nisemayo juu ya bwawa hilo yaweza kusemwa juu ya mengi. Mama mmoja wa WAWATA aliyefuatana na watoto aliingia na mabinti katika chumba cha kubadilishia nguo. Chumba hicho hakina mlango. Kina pazia tu. Alipotoka aliinua macho, akaona kamera ya ulinzi imefungwa kwenye nguzo ya baraza, nayo imeelekezwa moja kwa moja kwenye pazia lile. Kila pazia lilipofunuliwa mtu apite, kamera iliona ndani. Mama akamwuliza mhudumu. Akajibiwa, “Ni ya ulinzi tu, mama.”

Aliponiletea habari hiyo nilikwenda kujionea mwenyewe. Msimamizi alinipokea kwa heshima. Alinieleza kwamba wateja walikuwa wakiibiwa simu na viatu, ndiyo sababu kamera zilifungwa. Nikamwomba anionyeshe picha hizo zinatazamwa wapi. Akanipeleka kaunta. Pale, juu ya jokofu la soda, palikuwa na runinga iliyogawanywa sehemu nne, na sehemu moja kati ya hizo ilikuwa ni pazia lile. Vijana watatu waliokuwa wakingoja chipsi waliikodolea macho kama watu watazamavyo mpira. Nikauliza, picha hizi hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa? Hakujua. Nani anayo nywila ya mashine inayozihifadhi? Fundi, ambaye amekwisha kurudi Dodoma. Nani mwingine huziona? Tajiri mwenyewe, kwa simu yake, popote alipo.

Ndugu zangu, yule msimamizi si mtu mwovu, na hilo ndilo linalonitisha. Hapakuwa na mtu aliyekaa akapanga kuwadhalilisha watoto wetu. Kulikuwa na fundi aliyefunga kamera mahali palipokuwa na waya karibu, na msimamizi asiyeuliza, na tajiri aliyeona kwamba kujua kila kitu ni haki ya aliyelipia kila kitu. Dhambi ya namna hiyo haimhitaji mtu mwenye chuki. Humhitaji tu mtu asiyefikiri, na wengine wengi wanaonyamaza.

Majuma mawili baadaye likaja jambo la pili. Kipande cha video, cha sekunde chache tu, kilichopigwa kwa simu na mtu aliyekaa kwenye meza kando ya bwawa, kilianza kusambaa katika makundi ya WhatsApp. Kilimwonyesha binti mmoja wa darasa la Kipaimara akipanda kutoka majini, nguo imemganda mwilini, na sauti ya mwanamume ikicheka. Kilipita mtaani, kikapita sokoni, na kwa aibu yetu kikapita hata katika kundi la kwaya yetu. Binti huyo aliacha kuja darasani. Sitasema ni wa kigango gani wala ana umri gani. Haya machache nimeyaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake.

Nilipolileta jambo hili kikaoni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwa upole, “Baba, tusimkorofishe tajiri huyu. Ndiye aliyetuchangia saruji.” Kikao kikanyamaza. Nami pia nilinyamaza, tena kwa mwezi mzima. Nilijiambia kwamba natafuta busara, kumbe nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji. Waraka huu ni sehemu ya malipizi yangu.

KAMERA HAIPIGI HODI

Sisi tuliokulia vijijini na kuchunga ng'ombe tulifundishwa kwamba ukikaribia kijito mahali wanapooga watu, unapiga mluzi au unakohoa kwa nguvu, kisha unasimama. Unangoja sauti ikuruhusu au ikuzuie. Hapakuwa na ukuta pale kijitoni, wala pazia, wala bango la onyo. Hata hivyo palikuwa na faragha, kwa sababu faragha yetu haikujengwa kwa matofali. Ilijengwa kwa heshima ya yule anayepita. Hodi ni neno dogo, lakini ndani yake mna fundisho kubwa: kwamba mwenzako ana mahali pake, na kwamba wewe, hata uwe nani, huingii mpaka ukaribishwe.

Kamera haipigi hodi. Haikohoi, haigeuzi uso, haioni haya. Mtu akikuona kwa bahati mbaya, nawe unamwona. Mnaweza kuinamisha macho nyote wawili, mambo yakaisha. Kamera inakuona nawe huwaoni walio nyuma yake. Mtu husahau. Kamera husahau pale tu mwenye mashine anapotaka isahau. Jicho la mtu haliwezi kutumwa Dar es Salaam wala Dubai kwa kubonyeza kidole. Picha yaweza kutumwa.

Wapo wanaosema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, macho hayana. Ila mwenye macho ana dhamiri, na dhamiri ndiyo pazia alilopewa na Muumba wake. Chombo hakina dhamiri. Hutumia dhamiri ya mwenyewe. Kwa hiyo swali letu si kamera ni nzuri au mbaya. Swali letu ni hili: nani yuko nyuma yake, anaangalia nini, kwa sababu gani, na nani wa kumwuliza?

HOJA ZA WANAOITETEA, NA MAJIBU YETU

Nimezisikia hoja nne, na haki yatudai tuzijibu moja moja.

Kwanza wanasema, kamera huokoa maisha. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Tena mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hushuka kimya kimya wakati wenzake wanacheka kando yake. Yapo mabwawa ya Ulaya yaliyofungwa kamera zinazotazama ndani ya maji, zikiunganishwa na kompyuta. Mwili ukitulia chini ya maji kwa sekunde kadhaa, mtambo humwita mwokoaji aliye zamu. Mwaka 2000, katika mji wa Ancenis nchini Ufaransa, kijana mmoja aliokolewa kwa mtambo wa namna hiyo uitwao Poseidon.

Lakini angalieni vizuri, ndugu zangu. Kamera zile zinaelekea majini. Hazielekei kwenye pazia. Zinamwita mtu aliyefunzwa kuokoa. Hapa kwetu nilihesabu kamera nne na sikuona mwokoaji hata mmoja. Hapakuwa na boya, hapakuwa na kamba, hapakuwa hata na alama ya kuonyesha kina cha maji. Basi mtu aliyenunua kamera nne bila kuajiri mwokoaji mmoja asituambie kwamba anajali uhai wa watoto. Amejali viatu. Kamera iliyo juu ya kaunta haimtoi mtoto majini. Itatuonyesha tu, baada ya mazishi, namna alivyokufa.

Pili wanasema, asiye na ubaya hana la kuficha. Tena hutukumbusha kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo ni ya kweli, ila wameipeleka mahali pasipo pake. Inamhusu mtu anayemficha tabibu ugonjwa wake, au anayewaficha ndugu zake shida yake, akakosa msaada. Haimwambii mtu afunue mwili wake mbele ya vijana wanaongoja chipsi. Sisi sote hufunga mlango tunapooga, na hakuna anayesema kwamba tunatenda uovu humo ndani. Kujisitiri hakutokani na hatia, hutokana na heshima. Anayekuambia kwamba huna haja ya pazia kwa kuwa u mwema, mwambie aanze kuondoa la kwake.

Tatu wanasema, bwawa ni mahali pa watu wote, na aliyeingia amekubali. Hapo hutajwa methali nyingine: ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Sawa. Binti yule aliyavulia maji nguo, akayaoga. Hakuivulia kamera. Kiingilio alicholipa kilikuwa cha maji, hakikuwa kibali cha picha. Mlangoni hapakuwa na tangazo lolote la kumwambia kwamba anapigwa picha, wala na nani, wala kwa kazi gani. Mtu hawezi kukubali asichoelezwa. Ukimwita mtoto kuwa amekubali jambo ambalo hata msimamizi mwenyewe hakujua kulieleza, huo ni mchezo wa maneno. Hata mbele ya watu mia moja, kuonekana na hao mia waliopo si sawa na kuhifadhiwa na kupelekwa kwa maelfu wasiokuwapo.

Nne wanasema, na hili husemwa hata na baadhi ya akina mama wetu, kwamba kosa ni la mabinti: mbona walivaa hivyo? Ndugu zangu, mtu aingie majini na kanzu? Methali yasema ukivuliwa nguo, chutama. Sisi tumezoea kumfundisha aliyevuliwa namna ya kuchutama, wala hatumgeukii aliyemvua na kumwuliza kwa nini angali amesimama. Mafundisho juu ya mavazi ya heshima nimeyatoa mara nyingi, na nitayatoa tena. Lakini hayana nafasi katika kesi hii. Aliyepiga picha ndiye aliyetenda. Aliyeisambaza ndiye aliyeongeza.

MAANDIKO YALIKWISHA KUTUAMBIA

Inashangaza kwamba Biblia yetu inawajua vema watu wanaoangalia waogao. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, mfalme Daudi alikuwa juu ya dari ya jumba lake akamwona mwanamke akioga. Yeye alikuwa juu, mwanamke alikuwa chini. Yeye aliona, mwanamke hakujua. Yeye alikuwa na watumishi wa kutuma, mwanamke hakuwa nao. Mwisho wake ulikuwa uzinzi na mauaji ya Uria. Naye nabii Nathani alipotumwa na Mungu, hakwenda kumhoji mwanamke kwa nini alioga mahali pale. Alikwenda kwa mfalme.

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, Susana alikuwa bustanini kwa mumewe. Aliagiza milango ifungwe kabla ya kuoga. Alifanya yote yanayotakiwa na adabu. Waliojificha wakimvizia walikuwa wazee wawili, tena waamuzi, watu waliokabidhiwa ulinzi wa haki za taifa. Yaani walinzi ndio waliochungulia. Walipokataliwa walimshitaki yeye, na mkutano mzima ukawaamini kwa sababu ya mvi zao na vyeo vyao. Susana aliokolewa na kijana aliyefanya jambo moja rahisi: aliwatenga wale wazee na kumhoji kila mmoja peke yake, na majibu yao yakapingana. Danieli aliwahoji waliotazama.

Na katika Mwanzo, sura ya 9, Nuhu alilala uchi hemani mwake. Mwana mmoja aliona, akatoka nje kuwaambia wenzake. Wale wawili walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Leo kutoka nje na kuwaambia wenzako ni kubonyeza kitufe cha kusambaza. Kila mmoja wetu aliyeipokea ile video alisimama mlangoni pa hema la Nuhu, akachagua atakuwa mwana yupi.

Mafundisho ya Kanisa nayo ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes ya mwaka 1965, namba 26, uliitaja haki ya mtu kulindiwa maisha yake ya faragha pamoja na haki ya chakula, mavazi, makao na jina jema. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 220, unakataza mtu yeyote kuvunja isivyo halali jina jema la mwenzake au kudhuru haki yake ya kulinda faragha. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haya ni mambo ya Wazungu, au ya wanaharakati, au ya watu wasio na kazi.

NCHI YETU NAYO INA SHERIA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, inaitambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na faragha yake. Hata hivyo kwa miaka mingi hatukuwa na sheria ya kueleza haki hiyo inalindwaje mbele ya vyombo hivi. Kamera zilitangulia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka hata kafe za intaneti zifunge kamera, kabla hatujawa na sheria ya kumlinda anayerekodiwa.

Sasa sheria ipo. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwezi Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha nyepesi, sheria hiyo inasema hivi: anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, awaambie watu kwamba anazikusanya, na kwa kusudi gani, asikusanye kuliko kusudi hilo linavyohitaji, asizihifadhi kupita muda unaohitajika, azilinde, wala asizitoe kwa mwingine pasipo halali. Picha ya mtu anayeweza kutambulika ni taarifa yake binafsi, na taarifa za watoto zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti. Aliyeumizwa aweza kupeleka malalamiko kwenye Tume na kudai fidia. Pimeni ile runinga juu ya jokofu kwa mizani hiyo, mniambie imepita wapi.

Asiseme mtu kwamba sheria za namna hii ni maandishi tu. Jirani zetu wa Kenya walitunga ya kwao mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo iliitoza shule ya Roma School, iliyoko Uthiru, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wakati huohuo ukumbi wa starehe wa Casa Vera Lounge wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Mteja mmoja, picha moja. Haki hutendeka pale mtu anapoamka na kulalamika.

Wala tusijifariji kwamba picha zikiwa kwa tajiri ziko salama. Mwezi Machi 2021 wadukuzi waliingia katika kamera zipatazo 150,000 za wateja wa kampuni ya Marekani iitwayo Verkada, zikiwamo za hospitali, shule na magereza. Kama kampuni kubwa, yenye wataalamu wengi, ilivunjiwa mlango, mashine ya kwetu ambayo nywila yake anaijua fundi wa Dodoma inalindwa na nani?

TUANZE NA NYUMBA YETU

Yatupasa kuondoa boriti katika jicho letu kwanza. Ni mara ngapi tumewapiga picha watoto wa Utoto Mtakatifu wakiwa kambini, wengine wakinawa miguu, wengine wamelala, tukazitupa mtandaoni ili wafadhili waone? Nani aliwauliza wazazi? Ni nani katika kwaya yetu aliyeipokea ile video akamkemea aliyeituma? Nimeambiwa ni mmoja tu, naye ni kijana mdogo kuliko wote. Na Kanisa zima limejifunza, kwa aibu na machozi, kwamba mahali watoto wanapokuwa mikononi mwa watu wazima wasioulizwa maswali, ubaya hupata maficho. Hayati Papa Fransisko alipotoa mwaka 2019 barua yake Vos estis lux mundi, alitutaka viongozi wa Kanisa tupokee malalamiko wala tusiyafunike. Nitawezaje kumdai mwenye bwawa ajieleze, ikiwa parokia yangu haijielezi?

YATUPASAYO KUTENDA

Nawaomba, na kwa walio viongozi nawaagiza kwa upendo wa kichungaji, tutende haya.

1. Hakuna kundi la parokia litakalokwenda kwenye bwawa lolote kabla viongozi wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, hawajafika kukagua. Wakague maji, wamwone mwokoaji, waone kamera zinaelekea wapi, na waione runinga yenyewe.

2. Tuwaulize wenye bwawa maswali matano: Mnapiga picha za nini? Nani huzitazama? Hukaa siku ngapi? Nani anayo nywila? Mmejisajili kwenye Tume? Tufanye kama Danieli: aulizwe msimamizi peke yake, fundi peke yake, na tajiri peke yake. Majibu yakipingana, tumekwisha kupata jibu.

3. Kamera yoyote inayoweza kuona chumba cha kubadilishia nguo, bafu au choo, iondolewe. Katika hili hakuna majadiliano. Kamera ya kulinda mali ikae langoni na kwenye kabati la kutunzia mizigo. Mlango uwekwe badala ya pazia.

4. Simu zisitumike kupiga picha kando ya bwawa watoto wetu wanapooga. Walezi wawe wa kwanza kuziweka mfukoni.

5. Aliyepokea picha ya kumdhalilisha mtu asiitume mbele. Amjulishe mhusika au mzazi wake, na picha hiyo ihifadhiwe tu kwa kadiri inavyohitajika kwa malalamiko kwa Polisi au kwa Tume.

6. Parokia itaandika utaratibu wake wa picha za watoto, na wazazi watauidhinisha kwa saini zao kabla ya kambi ijayo.

Kwa haki yake niseme pia: tajiri yule, baada ya akina mama wa WAWATA kumwendea, aliigeuza kamera siku ileile. Twamshukuru. Lakini picha zilizokwisha kurekodiwa hajasema ziko wapi, na runinga ingali juu ya jokofu. Nimemwandikia barua, na katika barua hiyo nimemwambia kwamba saruji yake tumeipokea kwa shukrani kama sadaka, na kwamba sadaka hainunui ukimya. Ikiwa aliitoa kwa bei hiyo, niko tayari kuirudisha, mfuko kwa mfuko, na ukuta wetu usubiri.

Ukuta waweza kusubiri. Binti yule hawezi. Kila Jumamosi darasa linapokutana, benchi lake li wazi, na wenzake wanajua sababu. Wanatutazama sisi wakubwa waone tutafanya nini. Nao pia wana macho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Je, katika jumuiya yetu kuna mtu aliyewahi kuumizwa na picha iliyosambazwa? Alisaidiwa na nani?

Tunapoogopa kumwuliza mtu mwenye mali, huwa tunaogopa kupoteza nini hasa?

Kati ya wana wa Nuhu, simu yangu imenifanya kuwa mwana yupi?

Jumuiya yetu itamwendea nani juma hili ili yule binti arudi darasani?

Wenu katika Kristo,
Padre mlezi wa Tume ya Haki na Amani,
Singida Mjini